Karatasi ya printa si kipimo kizuri cha weupe

Wapiga picha wengi wa harusi hapa Kisumu huamini kwamba karatasi yoyote nyeupe yatosha kuipimia kamera mizani ya weupe, yaani kuionyesha kamera kipi ni cheupe ili rangi nyingine zitoke sawa. Wazo lina mantiki, maana kwa macho cheupe ni cheupe. Ila karatasi nyingi za printa hutiwa kemikali ya kung'arisha, inayonyonya mionzi ya urujuanimno ya jua na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Kamera hujaribu kuufuta ubuluu huo, na uso wa bibi harusi ukatoka na umanjano.

Kadi ya kijivu, iliyotengenezwa isiegemee rangi yoyote, ni salama zaidi. Ishikwe pale uso ulipo, chini ya hema lile lile (turubai la kijani hupaka kila kitu rangi yake), ijaze katikati ya fremu, isizidiwe na mwanga hadi itoke nyeupe tupu pichani. Mkihama hema, pima upya.

Kujihakikishia, weka karatasi na kadi pamoja kivulini nje, piga picha ya faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaichakata), kisha kwenye programu ya kuhariri sawazisha rangi kwa kubofya kadi. Soma namba za rangi (nyekundu, kijani, buluu) ambazo programu huonyesha ukielekeza kishale kwenye karatasi: buluu ikiizidi nyekundu, ndiyo kemikali hiyo. Rudia ndani chini ya taa ya LED, yenye urujuanimno kidogo sana, tofauti hupungua.