Mashine ya CPAP hulifanyia nini pafu?

Aliyelala chumba kimoja na mtu mwenye apnea ya usingizi, yaani kukatikakatika kwa pumzi usingizini, anaujua mwenendo wake. Mtu anakoroma kwa nguvu, mara kimya. Kifua na tumbo vinahangaika kupanda na kushuka, lakini ukimwekea kiganja puani husikii hewa. Zinapita sekunde 10, 20, pengine zaidi, kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa, anageuka na kuendelea kulala. Asubuhi hakumbuki kitu, ila kichwa kinamuuma na usingizi haujamtosha.

Kilichoziba hapo ni koo. Misuli yake hulegea usingizini, ulimi na kaakaa laini vikarudi nyuma, njia ikajifunga. Mapafu yanaweza kuwa mazima kabisa. Hayaletewi hewa tu.

CPAP, mashine inayotumiwa usiku kutibu tatizo hili, husukuma hewa ileile ya chumbani, kupitia bomba na barakoa, kwa mgandamizo usiokatika. Ni mgandamizo mdogo, kwa kawaida kati ya sentimita 4 na 20 za maji (ndicho kipimo cha mgandamizo huo), lakini unatosha kulizuia koo lisijifunge, kama upepo unavyolijaza tanga lisinywee. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, ndio walioieleza tiba hii mwaka 1981.

Wengi huiita mashine ya oksijeni. Jina hilo linaumiza, maana wapo wanaoikataa wakidhani wameshafika hatua ya mwisho ya ugonjwa. Haiongezi oksijeni kwenye hewa, inafungua njia.

Pafu nalo hufaidika. Mgandamizo huo hubakiza hewa zaidi ndani kila pumzi inapotoka, kwa hiyo vifuko vidogo vya hewa havisinyai. Mtu mnene akilala chali, tumbo husukuma kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kwenda juu na kuyabana mapafu. Huyu ndiye anayeuhisi msaada huo zaidi. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, kilichokuwa kikishuka na kupanda usiku kucha, hutulia. Na kwa baadhi ya wanene ambao damu yao imejaa kabonidioksaidi hata mchana, wiki kadhaa za kutumia CPAP huipunguza gesi hiyo.

Lakini ukipuliza kile kipimo cha mapafu hospitalini mchana, usitarajie namba zibadilike sana kama mapafu yalikuwa mazima. Mwenye pumu bado anahitaji dawa zake za pumu. Na usiku usiovaa barakoa, koo hujifunga tena.