Data za upili: takwimu unazotumia bila kuzikusanya

Mtafiti anayetaka kujua kiwango cha ukosefu wa ajira katika nchi nzima hawezi kupita nyumba kwa nyumba na dodoso lake. Atatumia hesabu ya wengine. Hizo ndizo data za upili: takwimu alizokusanya mtu mwingine, kwa haja zake mwenyewe, kabla wewe hujawa na swali lako. Ulizokusanya mwenyewe ni data za msingi.

Maneno "kwa haja zake mwenyewe" ndiyo yanayokuonyesha pa kutafuta. Wengi huandika swali zima mtandaoni, wakaishia kwenye ripoti iliyonukuu ripoti iliyonukuu nyingine. Afadhali ujiulize: nani alikuwa na sababu ya kuhesabu kitu hiki? Serikali huhesabu bidhaa zinazovuka mpaka kwa kuwa huzitoza ushuru. Ndiyo maana takwimu za biashara ya nje ni tele, na Umoja wa Mataifa huzikusanya katika hifadhidata ya Comtrade. Bei, ajira na pato la taifa aghalabu ni kazi ya ofisi ya taifa ya takwimu. Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) huzipanga upya ili nchi zilinganishwe. Benki ya Dunia ilifungua hifadhi yake bure kwa umma mwaka 2010. Kisichotozwa kodi wala kulipiwa mshahara, kama kazi za nyumbani, hupatikana kwa shida.

Jedwali likishapatikana, soma maelezo ya chini kabla ya tarakimu zenyewe. Mimi hukaa hapo kuliko popote pengine. Chukua neno "ajira". Zamani, kwa vipimo vya kimataifa, mkulima wa chakula cha nyumbani kwake tu aliweza kuhesabiwa kuwa na ajira. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi, katika mkutano ulioitishwa na ILO, waliamua kuwa ajira ni kazi ya kupata malipo au faida. Mkulima yule akatoka kwenye hesabu, jembe likiwa bado mkononi. Nchi nazo hazikuipokea fasili hiyo kwa wakati mmoja. Basi ukiona ajira imeporomoka ghafla kati ya tafiti mbili, huenda hakuna aliyeachishwa kazi.

Pato la taifa lina vituko vyake pia. Aprili 2014 Nijeria ilihamisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na sura ya uchumi wake huwa msingi wa hesabu, kutoka 1990 hadi 2010, na shughuli kama simu za mkononi na filamu zikapewa uzito wake. Pato la mwaka 2013 likapanda kwa takriban asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku ule.

Wakati mwingine jedwali halitoshi: unataka kujua, tuseme, kama watoto wa akina mama waliosoma husoma zaidi. Hapo utahitaji data za kaya moja moja, zilizoondolewa majina, ambazo mara nyingi hutolewa kwa anayejisajili na kueleza anazitakia nini. Usiisahau safu ya uzito wa sampuli, yaani tarakimu inayoonyesha kaya iliyohojiwa inasimama badala ya ngapi, kwani kaya moja huwakilisha nyingi, na si zote kwa kiasi sawa. Andika pia tarehe uliyopakua faili. Takwimu husahihishwa, na mwakani tarakimu ileile inaweza kuwa nyingine.