Kamati ya misheni na ya haki zikiunganishwa, nani akae ndani?

Makanisa mengi huku kwetu, Kisumu, Vihiga mpaka Nakuru, yanafikiria kuunganisha kamati ya misheni na ile ya haki na amani iwe moja, sababu watu ni walewale, pesa ni kidogo na mikutano imekuwa mingi. Kuunganisha si mbaya. Kazi ngumu ni kuamua memba ni nani, na kwa vile kazi yangu ofisini ni kusaidia makanisa kupanga hizi kamati nawaomba kitu kimoja, msichukue zile orodha mbili za zamani mkazibandika pamoja.

Tuseme misheni walikuwa 11 na haki walikuwa 9. Mkijumlisha mna watu 20, hapo wanaongea watano na wengine wanangoja chai. Halafu kuna jambo watu hawalisemi wazi: misheni ina krusedi, ina spika, ina harambee, kila mtu anaiona. Haki ni kuketi na mjane ambaye shemeji zake wamemtoa kwa shamba, unaenda kwa chifu leo, kesho unarudi, na hakuna picha ya kuonyesha washirika Jumapili. Kwa hivyo mkichanganya watu bila kupanga viti, haki inasukumwa mpaka kwa mengineyo mwisho wa ajenda na hapo saa zimeisha.

Someni Matendo 6 polepole. Wajane wa upande wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwa mgao wa kila siku, watu wakanung'unika, na mitume hawakuwapangia wao wenyewe, waliambia kanisa lichague watu saba. Sasa angalia majina, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani! Inaonekana kanisa lilipatia kazi watu wa upande uleule uliokuwa unalia. Na Filipo huyohuyo wa kugawa chakula, ukifika sura ya 8 ndiye anahubiri Samaria. Misheni na haki zilikuwa kwa mtu mmoja na hakuna aliyeona ajabu.

Kwa hivyo anzeni na kazi, majina yaje baadaye. Mimi napendekeza watu 9. Watatu wawe wamezoea kutoka nje kuhubiri na kutembelea, watatu wajue kesi, yaani mmoja anaelewa mambo ya ardhi, mmoja mambo ya watoto na dhuluma za kijinsia, mmoja anaaminika na jamii tofauti, na watatu wa mwisho watoke kwa wale ambao haki huwapita, pengine kijana wa boda, mtu mwenye ulemavu, mama anayeuza samaki Dunga, ule ufuo wa ziwa hapa Kisumu. Huyu mama msimwite mkutano saa ambayo ndio anauza, alafu mseme amekataa kuja. Ulizeni yeye anaweza saa ngapi, na nauli iwe kwa bajeti.

Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 27(8) inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, kwa watu 9 hiyo ni 6, na kanisa likiishika ni vizuri. Kabila pia liangaliwe. Watu wa Nakuru hawahitaji kuelezwa hii, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani walihamana na wengine walizikwa, na kamati yenye watu wa kabila moja hata iwe na maombi ya nguvu ikienda kutuliza mtaa wa wengine ni nani ataifungulia mlango. Na yeyote anayetafuta kiti Agosti 2027, au anampigia mgombea kampeni, asikae humu. Hilo msilegeze hata kama ndiye anatoa pesa za hema.

Pasta au padri ahudhurie lakini asiwe mwenyekiti, maana siku moja lalamiko litamhusu yeye ama mtu wa ofisi yake.

Kuna kesi ambazo hii kamati haina ruhusa ya kuamua. Mpaka wa shamba kati ya ndugu mnaweza kukaa chini mkaongea, hata Katiba kifungu cha 159 inatambua upatanisho. Mtoto akinajisiwa, hapana, hakuna mbuzi wala msamaha wa familia hapo, ni hospitali kwanza kabla masaa 72 hayajaisha ili apate dawa ya kuzuia virusi vya HIV, ni polisi, na namba 116 ya watoto au 1195 ya dhuluma za kijinsia zinapigwa bure. Memba ambaye anaona hii ni ya kumaliza nyumbani asichaguliwe kabisa.

Muhula uwe miaka mitatu, ila hao wa kwanza wapige kura ya bahati, watatu watoke baada ya mwaka mmoja, watatu baada ya miwili, ndio msibadilishe wote kwa mpigo.

Siku kamati mpya inaapishwa zile mbili za zamani zinakufa siku hiyohiyo, watia sahihi wa benki wanabadilishwa, na faili za kesi zinahesabiwa mbele ya wote zinafungiwa ofisini, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Faili zisibebwe nyumbani kwa katibu wa zamani, na jina la mwenye kesi lisitumwe kwa grupu ya WhatsApp.