Prostataitisi sugu na chumba cha kulala: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Tezi dume ni ya wazee.” Kukua kwa tezi, ndiyo, huja na umri. Prostataitisi sugu, yaani uchochezi au maumivu ya muda mrefu ya eneo la tezi dume, ni jambo jingine, na huwapata sana wanaume wa chini ya miaka 50: maumivu ya kinena, korodani au nyonga yanayodumu miezi 3 na zaidi.

“Basi ni gono lisilopona.” Kwa wagonjwa wengi mno bakteria hawaonekani kabisa. Mkojo upimwe, lakini maumivu haya peke yake si ushahidi kwamba mume katoka nje, na kurudia sipro (dawa ya kuua bakteria) dozi juu ya dozi bila kipimo hakumponyi.

“Kwenda kwa mwanasaikolojia ni kukiri kwamba naumwa kwa kufikiria tu.” Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inawazuia watu kupata msaada. Maumivu ni ya kweli. Ila aliyeumia wakati wa kumwaga mbegu huingia kitandani safari nyingine akiwa na woga. Adrenalini hubana mishipa ya damu ya uume, misuli ya nyonga hujikaza, na kukaza kule huzidisha maumivu. Uume ukigoma, au akimaliza mapema, anajiambia “nimekwisha”, na woga unakua. Mwanasaikolojia huushika mzunguko huo: humfundisha kuzipima fikra hizo, kupumua kwa tumbo, kulegeza misuli. Ipo pia njia ya William Masters na Virginia Johnson wa Marekani, ya mwaka 1970: mke na mume wanakubaliana kuacha tendo lenyewe kwa muda, wanapapasana bila kugusa sehemu za siri, kisha wanasogea taratibu. Pasipo na cha kufaulu au kufeli, mwili hutulia. Ndiyo maana mke ahusishwe.

“Mkongo, ile dawa ya mitishamba ya nguvu za kiume, unatosha.” Baadhi ya dawa za nguvu za kiume za mitaani zimekutwa na sildenafil (dawa iliyomo kwenye Viagra) isiyotajwa, hatari kwa anayetumia dawa za moyo aina ya nitreti. Na woga haziugusi.

“Kaza misuli ya nyonga kila siku.” Kwa ambaye misuli yake tayari imekaza, huongeza maumivu. Amuone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia.

Ushauri haufuti matibabu ya hospitali. Homa, damu kwenye mkojo au kushindwa kukojoa havisubiri. Ukifika kwa daktari wa mkojo, hospitali ya KCMC hapa Moshi au kwingineko, mweleze na ya chumbani hata asipouliza, na uombe rufaa ya mwanasaikolojia.