Kununua seva hakufupishi njia

Juzi kijana mmoja wa Sakina, hapa Arusha, anayecheza Minecraft na wenzake kwa mtandao, kanionyesha picha kwenye simu: seva (kompyuta inayoendesha mchezo wa wote) ya mtumba, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) gigabaiti 64, prosesa mbili. "Kaka, tukichanga tukainunua hii, lagi si imeisha?" Huyu ni wa nne mwaka huu. Wote wanne walikuwa tayari kutoa hela ya wenzao kutibu ugonjwa ambao mashine hiyo haiutibu, na inaniuma kuona vijana wakichangishana kwa kitu kama hicho. Kwa hiyo naandika.

Lagi, yaani mchezo kuchelewa au kuganda, ziko mbili. Ya kwanza ni ya seva kuzidiwa: mnaganda wote kwa pamoja, ng'ombe wanasimama, jiwe ulilovunja linarudi mahali pake. Minecraft huzungusha dunia yake mara 20 kwa sekunde, yaani kila mzunguko una milisekunde 50 za kumaliza kazi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hubebwa na kiini kimoja cha prosesa, yaani kimoja tu cha vitengo vyake vya kukokotoa. Zile prosesa mbili za zamani zenye viini vingi vya polepole zitakaa bure, kiini kimoja kikihemea mzigo wote. Na gigabaiti 64 za nini? Marafiki kumi wasio na modi (nyongeza za mchezo) nyingi wanatoshwa na 4.

Ya pili ni ya njia, na hapa ndipo nachoka kurudia. Data husafiri kama mwanga ndani ya faiba, yaani nyaya za kioo, takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Tuseme seva iko Frankfurt, Ujerumani: kutoka Arusha ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi tayari ni milisekunde 60, na paketi (vipande vya data) hazipiti mstari huo. Zinateremka hadi pwani, zinazama baharini, zinazunguka bara. Ndiyo maana pingi (milisekunde za data kwenda na kurudi) ya Ulaya huku kwetu inapita 100 bila shida. Johannesburg, Afrika Kusini, ni kama kilomita 2,700. Microsoft wana kituo cha data pale tangu 2019, na Amazon walifungua cha Cape Town 2020, kwa hiyo anayekodi seva Ulaya kwa mazoea tu anajitesa.

"Basi tuiweke nyumbani." Sawa. Intaneti nyingi za nyumbani, na bando za simu ndiyo kabisa, hazikupi anwani ya IP ya umma ya peke yako, ile ambayo wenzako wangeifikia kutoka nje. Unaigawana na wateja wengine wengi. Unafungua mlango (port) 25565 wa Minecraft kwenye rauta, unangoja usiku kucha, haingii mtu. Napigiwa simu: "Fundi, nimekosea wapi?" Hujakosea. Umefungua mlango wa chumbani, na geti liko kwa mtoa huduma. Ukitaka anwani yako utailipia kila mwezi, kwa hiyo kodi ya seva uliyoikimbia umeikuta mlangoni. Ongeza umeme: mashine inayokula wati 100 mfululizo inamaliza uniti 72 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya Luku, kisha fikiria siku umeme unapokatika katikati ya mchezo.

Ujirani nao hauna uhakika. Moshi ni kilomita 80 tu, lakini rafiki yako wa kule akiwa kwa mtoa huduma mwingine, paketi zake zinaweza kwenda Dar ndipo zirudi Arusha. Tuna kituo cha kubadilishana data hapa mjini. Kampuni zikikutana pale njia inakuwa fupi, zisipokutana ni safari. Nimewahi kumwahidi mteja pingi ndogo kwa kutazama ramani tu, ikatoka mara tano ya nilichosema. Tangu hapo siahidi namba kabla ya kupima, tena saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni.

Kuna jambo moja linalonifanya nisite kusema "kodi seva" moja kwa moja. Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuunganisha na nje, zilipopata hitilafu, seva ya nje ilikuwa kama haipo. Sebule moja ya Njiro, hapa Arusha, yenye seva yake na waya ukutani iliendelea kucheza. Wachezaji wakiwa chumba kimoja, au ukiwa na kibanda cha gemu chenye mashine nane, nunua, tena kompyuta ya kawaida yenye kiini chenye kasi inatosha. Hapo sina ubishi.

Yule wa Sakina nilimuuliza wenzake wanakaa wapi. Watano Arusha, watatu Moshi, wawili Dar, mmoja Nairobi, wengi wao kwa bando la simu. Nikamwambia wakodi Johannesburg mwezi mmoja, kila mtu apime pingi yake usiku na kuiandika. Hela ya mashine ibaki kwa mweka hazina wao mpaka namba zirudi.