Raba ya staa ukiivaa wewe: mi nazipimaje kwenye sementi

Juzi usiku dogo mmoja ninayemfundisha basketi kanitumia picha Whatsapp, raba mpya ya LeBron James, yule staa wa NBA, rangi inawaka balaa, chini kaandika "shikamoo kocha, hii vipi, nichukue?" Nikamjibu marahaba, una kilo ngapi siku hizi? Akarudisha emoji za kucheka kama kumi hivi, alidhani namtania.

Simtanii. Dogo ana kilo 61. LeBron ana mita 2.06 na kilo zaidi ya 110, na raba zake kwa miaka mingi zimejengwa kumpokea yeye akitoka juu, mifuko mikubwa ya hewa, soli nene, kila kitu kimekazwa kwa ajili ya huo mzigo. Mtoto mwepesi akiivaa mara nyingi ule mfuko haubonyei hata kidogo, anahisi kakanyaga tofali, afu anakuja kuniambia kocha hii raba feki. Si feki, ni ya mtu mwingine tu.

Yani raba yenye jina la staa mi naichukulia kama dawa iliyoandikwa kwenye cheti cha mwenzako, inaweza kukufaa ila kwanza tusome mwenyewe alikuwa anaumwa nini. Kobe Bryant mwaka 2008 aliwang'ang'ania Nike wamtengenezee kiatu kifupi, kisichofunika enka, kama vile vya mpira wa miguu, mzee kakulia Italia huyo na soka lilikuwa damuni, ndo mbunifu wao Eric Avar akamchorea Kobe 4. Watu walishangaa kweli, maana enzi hizo raba ya basketi bila shingo ilionekana kama kwenda vitani bila ngao. Ila yeye alitaka wepesi wa kukata kona. Giannis Antetokounmpo naye, raba yake ya kwanza ya 2019, ile Zoom Freak 1, waliweka Zoom, yani vifuko vya hewa vya Nike, kisiginoni tu, tena mbili zimebebana, mbele hakuna kitu, kwa sababu yule jamaa hatua zake ni ndefu kama ngazi na anatua na kisigino. Sasa we gadi, mchezesha timu, wa futi tano na nusu unayekimbilia vidole siku nzima, ile Zoom utakutana nayo lini? Luka 1 ya 2022, raba ya Luka Doncic, ina bamba limepachikwa ndani ya sponji kwa ajili ya ule mchezo wake wa kurudi nyuma afu anarusha. Umeelewa mchezo ulivyo, jina kwenye ulimi wa kiatu linakwambia tatizo la mtu, halikwambii kiatu ni kizuri.

Mfano uliowatisha wengi ni ule wa tarehe 20 Februari 2019, mechi ya vyuo vya Marekani, Duke na North Carolina, Zion Williamson wa Duke anageuka tu, hata dakika haijaisha, raba ya kushoto inapasuka mguu wote unatoka nje, goti likateguka. Kavaa PG 2.5, raba ya Paul George. Zion alikuwa na kilo kama 129 na nguvu za trekta, Paul George ni mwembamba anayeteleza kama samaki mkunga. Sisemi hiyo ndo sababu peke yake, ila Zion aliporudi uwanjani walikuwa wamemtengenezea pea iliyoimarishwa kwa ajili yake, na hiyo inaongea.

Haya, sasa mi napimaje. Kila mtu anaanza kuuliza "laini?" na mi nayo hiyo naiweka mwisho kabisa. Naanza na gripu. Kiatu kisichoshika chini hata kiwe laini kama godoro la Dodoma hakina kazi, na viwanja vyetu vingi hapa Dar ni sementi, vingine vimepakwa rangi, afu kuna vumbi na mchanga ambao haujulikani unatoka wapi wakati umetoka kufagia sa hivi. Naenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla mtu hajafagia, makusudi. Naanzia mstari wa mwisho, difensi ya kunyata kwa upande mpaka mstari wa mtupo huru, mita 5.8, nakita ghafla, narudi. Nahesabu nimeinama kufuta soli kwa kiganja mara ngapi. Raba nzuri napiga raundi kumi mkono haujagusa soli, mbovu raundi ya tatu tu kiganja kimeshakuwa cheupe kama cha muuza unga wa ngano. Sauti nayo sikiliza, ila usidanganywe na video za Marekani, kule kwenye sakafu ya mbao raba nzuri inalia kwii kwii, kwenye sementi inakwaruza kama msasa na ukisikia kimya ujue unateleza.

Mchoro wa soli ninaouamini ni ule wa zamani wa zigizaga kama mifupa ya samaki. Sababu yake ni rahisi, kingo zake zinaelekea pande nyingi kwa hiyo ukikata upande wowote kuna ukingo unaokukingia, na mifereji ikiwa mipana vumbi linapata pa kutokea. Mifereji ikiwa myembamba vumbi linajaa humo humo na we unabaki unacheza juu ya vumbi badala ya mpira wa soli. Zile soli za kung'aa kama kioo mi huwa naziangalia kwa jicho la pembeni, picha zinatoka vizuri ila nyingi nilizovaa zinabeba vumbi kuliko ufagio.

Ila gripu ya siku ya kwanza ni nusu ya habari. Mpira wa soli ukiwa laini unashika sana na unaisha haraka sana, huwezi kukwepa hilo. Nina kile kipimo cha kina cha tairi wanachotumia mafundi gari, nilikinunua Gerezani, wenzangu walinicheka mpaka leo wanakiazima. Natumbukiza ncha kwenye mfereji chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, maana leyapu zangu zote, zile za kuruka na kuweka mpira kapuni, naruka na kushoto na hapo ndo panaliwa kwanza, naandika namba kwa maka ndani ya boksi, nacheza wiki tatu, napima tena. Kuna pea moja, jina silitaji, wiki ya tatu kipimo kilikuwa kinasoma sifuri pale gumbani wakati kisiginoni bado mpya kabisa kama imetoka dukani. Kwa hiyo ukikuta pea ya Nike imegongwa maandishi XDR kwenye soli ujue mpira wake ni mgumu zaidi, umetengenezwa kwa viwanja vya nje, chukua hiyo. Curry Flow 8, raba ya Stephen Curry ya mwisho wa 2020, ni kinyume chake kabisa, waliondoa mpira wote wa chini wakaacha sponji yenyewe ndo ishike sakafu, wazo la kijanja sana na uzito umepungua, ila ni kiatu cha sakafu ya mbao. Ukienda kucheza pale BK Arena Kigali, uwanja wa ndani, vaa. Kuipeleka kwenye sementi ni kuinoa kama penseli.

Baada ya gripu ni mguu kutulia ndani. Hapa napaongelea sana kwa sababu ndo panapoumiza watu na hawajui. Wengi wetu tumekua pekupeku na ndala, vidole vimetanuka, na raba nyingi za mastaa zimechongwa nyembamba katikati. Mtu anachofanya anapanda namba, wa 43 ananunua 44, upana anaupata ila sasa urefu umezidi, akifunga breki mguu unateleza mbele, gumba linagonga ukuta, wiki moja ukucha mweusi. Vaa soksi zako za kuchezea siyo za ofisini, funga kamba mpaka juu, afu simama kwa mguu mmoja ujisukume kwa nje. Ukihisi unyayo unamwagika nje ya soli kiatu hicho kiache dukani. Angalia pia soli kwa upande wa kidole kidogo, inatakiwa itokeze kidogo nje kama baraza la nyumba, ile ndo inayokuzuia usipinduke. Halafu kishike kisigino ukibonyeze, kiwe kigumu, na ukijaribu kukamua kiatu katikati kama nguo iliyofuliwa kikikubali kirahisi basi hakitakusaidia.

Na hii imani ya raba ndefu kulinda enka tuiongelee kidogo. Mwaka 1993 ulitoka utafiti Marekani, wachezaji 622 wa chuo waligawanywa, wengine ndefu wengine fupi, msimu mzima, tofauti ya maana ya kuteguka haikuonekana. Halafu 2001 Waaustralia wakatoa wa kwao, wakakuta aliyewahi kuteguka yuko kwenye hatari karibu mara tano ya ambaye hajawahi, na wenye raba zenye vyumba vya hewa kisiginoni walikuwa wanaumia enka kama mara nne zaidi ya wenzao. Nilipoisoma ile niliacha kabisa kuwaambia madogo wanunue shingo ndefu, siku hizi nawauliza umeshawahi kuteguka? Kama ndiyo, tukaze enka kwanza kwa mazoezi ya kusimama mguu mmoja, na raba iwe karibu na ardhi.

Ulaini sasa. Sponji nyingi za kawaida ni EVA, aina ya plastiki ya povu, na EVA ikipata joto inalegea, kwa hiyo raba uliyojaribu dukani kwenye kiyoyozi siyo raba utakayocheza nayo saa nane mchana Upanga. Mi najaribu mara mbili, asubuhi na jua kali, na ninachokisikiliza siyo mguu, ni goti kesho yake nikishuka kwenye daladala. Gadi mwepesi anataka aihisi ardhi, anayegombea ribaundi, yani mipira iliyokosa kapu, anataka sponji nene, basi.

Bei? Stephon Marbury mwaka 2006 alitoa Starbury ya dola 14.98 na akaivaa kwenye mechi za NBA zenyewe. Na raba ya Sabrina Ionescu, mchezaji wa kike wa New York, wanaume kibao wa NBA wanaivaa kwa sababu ni nyepesi na inashika, hapa kwetu bado kuna mtu atakwambia hiyo ya kike.

Mitumba nayo mtaniuliza, najua. Mi mwenyewe nanunua, ila niliwahi kuumbuka, pea ya zamani safi kabisa juu, robo ya pili soli ikaanza kumeguka vipande kama keki iliyokauka, nimemaliza mechi nimevaa raba za mtu wa benchi. Sponji ya kati ikiwa ya polyurethane, aina nyingine ya plastiki, unyevu unaila taratibu hata kama kiatu kimekaa kwenye boksi hakijavaliwa, na hewa yetu ya pwani unaijua. Siku hizi naangalia lebo ndogo ndani ya ulimi, nyingi zina tarehe ya kutengenezwa, ikishapita miaka kama kumi naiacha.

Dogo wa kilo 61 Jumamosi alikuja mazoezini na pea ya Ja 1, raba ya Ja Morant, ya mtumba, bei hakuniambia na mi sikuuliza. Nikaigeuza, nikabonyeza sponji kwa gumba, ikarudi vizuri. Nikatumbukiza kipimo cha tairi chini ya kidole gumba, milimita mbili na kidogo. Nikamwambia vaa, kaanzie mstari wa mwisho, na usifute soli.