Tiba saidizi ya kisukari: mitishamba inapokaa kando ya vidonge

Tiba saidizi ni tiba inayotumika pamoja na matibabu ya hospitali. Mgonjwa wa kisukari anayemeza metformini yake kama alivyoandikiwa, akala karela mchana kwa kuwa amesikia inashusha sukari, na daktari wake ana habari, huyo anatumia karela kama tiba saidizi. Akiacha vidonge akabaki na karela peke yake, mboga ni ileile lakini sasa ameingia kwenye tiba mbadala. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni kile mgonjwa alichokifanya na dawa zake. Mmea haukubadilika.

Kwetu tofauti hii hupotea kirahisi. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na maneno hayo mawili ndiyo yanayosomeka kwenye mabango ya waganga na wauza dawa kila mtaa. Hilo la tatu, tiba saidizi, halina bango. Matokeo yake, mtu akisikia "dawa ya asili ya sukari" hudhani anatakiwa kuchagua upande: ama kliniki, ama mitishamba. Tiba asili ni ujuzi wa kurithi wa magome, mizizi na majani, na ujuzi huo unaweza kutumika kwa njia zote mbili, saidizi na mbadala.

Mfano wa wazi wa njia mbadala ni kikombe cha Loliondo. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alivuma kwa kuwanywesha watu dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge kwa shilingi 500 kikombe, na foleni ya magari ikafika kilomita kadhaa. Kikombe kilikuwa kimoja, kwa UKIMWI, kisukari na magonjwa mengine sugu, na baada ya hapo mtu alirudi kwao. Sitaki kuingia kwenye imani za watu. Lakini kwa kisukari, dawa inayonywewa mara moja bila kupima sukari wiki inayofuata haiwezi kuitwa saidizi, maana hakuna inachokisaidia kinachoonekana.

Sasa, mimea yenyewe inafanya nini? Tuanze na uwatu, kwa sababu kazi yake inaonekana hata kwa macho. Loweka mbegu usiku, asubuhi utakuta zimevimba na maji yamekuwa mazito, yenye ute. Ute huo ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Zikifika tumboni pamoja na chakula, huchelewesha chakula kushuka na wanga kugeuka sukari, kwa hiyo sukari ya damu hupanda polepole badala ya kuruka ghafla baada ya mlo. Tafiti za India za miaka ya 1980 na 1990 ziliona sukari ikishuka kwa wagonjwa, ila baadhi zilitumia hadi gramu 100 za unga wa uwatu kwa siku. Aliyewahi kuonja uwatu anajua gramu 100 ni adhabu. Kijiko kimoja cha asubuhi hakiwezi kubeba sifa za gramu 100, ingawa wauzaji huzihamisha bila haya. Na ute huohuo unaweza kuchelewesha vidonge, ndiyo maana ni vizuri kuvitenganisha kwa saa moja au mbili.

Karela ina kesi ngumu zaidi. Mitandaoni huitwa "insulini ya mmea", kwa sababu watafiti wa India walitoa ndani yake protini inayofanana kwa kazi yake na insulini, homoni ya mwili inayoshusha sukari ya damu. Wanaolisema hilo hawamalizii hadithi: katika utafiti wa mwaka 1981 protini hiyo ilidungwa chini ya ngozi. Protini ikinywewa kwenye juisi, tumbo huisaga kama inavyosaga nyama na maharage, na ndiyo sababu insulini ya hospitali nayo hudungwa. Huenda karela ina vitu vingine vinavyofanya kazi kwa kumezwa, lakini mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2012 yaliyokusanya majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza. Kama mboga, ikakaangwa na kitunguu na kuliwa mahali pa viazi, ni chakula kizuri. Faida hiyo haihitaji muujiza: sahani yenye viazi vichache ina wanga mdogo.

Mlonge, mwarobaini na shubiri vina sifa nyingi zilizotoka kwa panya wa maabara. Panya huyo mara nyingi amedungwa kemikali ya kuharibu kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, kisha akapewa maji ya majani yaliyokolezwa sana kulingana na uzito wake. Matokeo hayo ni mwanzo wa kuuliza swali. Zambarau inafundisha vizuri hapa: mbegu na majani yake yana jina kubwa kwa kisukari kuanzia India mpaka Amerika Kusini, lakini watafiti wa Brazil walipowapa watu chai ya majani hayo, hawakuona sukari ikishuka. Mdalasini nao una kesi yake. Ule wa magome manene unaouzwa kwa bei nafuu, wa aina ya kasia, una kumarini, kitu kinachoweza kudhuru ini kikitumiwa kwa wingi kila siku. Mdalasini mwembamba wa asili ya Sri Lanka, ambao hata Zanzibar unalimwa, una kidogo sana. Kwenye pilau hakuna neno. Vijiko vya unga kila asubuhi ni jambo lingine.

Anayedharau mitishamba yote kwa jumla naye anakosea. Metformini, kidonge kinachoandikwa kuliko vingine duniani kwa kisukari cha aina ya pili, ina ukoo na mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Ndani yake kuna galegini, inayoshusha sukari. Ilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1920 ikaachwa kwa sababu ya sumu yake. Mmea wenyewe huua kondoo malishoni. Metformini ilitengenezwa maabara mwaka 1922, ikiwa ni ndugu mpole wa kemikali hiyo, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Kutoka kwenye jani hadi kwenye kidonge, kilichopatikana ni kipimo: kila kidonge kina kiasi kilekile, na madhara yake yanajulikana. Jani la mti halina ahadi hiyo. La kiangazi halilingani na la masika, na "majani kiasi cha kiganja" hutegemea kiganja cha nani.

Hatari ambayo watu hawaifikirii ni dawa ya mitishamba kufanya kazi kweli. Mtu anameza glibenklamidi au anajidunga insulini, vyote vya kushusha sukari, halafu anaongeza juisi ya karela. Sukari inaweza kushuka kupita kiasi, chini ya milimoli 3.9 kwa lita: jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika, mwisho kupoteza fahamu. Mwaka 1979 jarida la The Lancet liliandika juu ya mgonjwa nchini Uingereza aliyekuwa akimeza klopropamidi, dawa ya ukoo uleule wa glibenklamidi, ambaye sukari yake ilikuwa ikibadilika kufuatana na mchuzi anaokula, kama una karela au hauna. Na hiyo ilikuwa mboga ya jikoni tu. Mzee anayeishi peke yake au mtu aliyefunga Ramadhani yuko hatarini zaidi. Dalili zikianza akiwa bado anameza vizuri, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, funga ifunguliwe, apimwe tena baada ya robo saa.

Upo ujanja mwingine mbaya kuliko huo. Baadhi ya "dawa za asili" hushusha sukari haraka kwa sababu ndani yake kuna vidonge vya hospitali vilivyosagwa. Singapore mwaka 2008 watu 150 walilazwa kwa sukari kushuka ghafla na wanne wakafa. Watu hao hawakuwa na kisukari kabisa. Walimeza dawa haramu za nguvu za kiume, baadhi zikiitwa za mitishamba, zilizokuwa na glibenklamidi. Kwa hiyo chupa isiyo na orodha ya vilivyomo, inayotibu presha, sukari, bawasiri na nguvu za kiume kwa mpigo, mimi nisingeiweka hata kabatini.

Anayetaka kuutumia mmea kama tiba saidizi kwa maana yake halisi, cha kwanza ni mashine ya kupimia sukari na daftari. Apime kabla ya kula na saa mbili baada ya kula kwa wiki kadhaa bila mmea wowote, ajue sukari yake ikoje. Kisha achague mmea mmoja, kwa kiasi kilekile kila siku, na vidonge viendelee kama vilivyo. Mchanganyiko wa mimea saba hauwezi kumwambia upi umesaidia na upi umemwasha tumbo. Kuna mtego mmoja humu: anayeanza mitishamba kwa kawaida anapunguza soda, anakata sima, anaanza kutembea jioni. Sukari ikishuka, sifa zote anapewa mlonge. Haidhuru sana, mradi asiache kutembea. Baada ya miezi mitatu apime HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi iliyopita, ambacho hakidanganywi na siku moja ya kujinyima kabla ya kliniki. Kama sukari imeshuka sana, kupunguza vidonge ni kazi ya daktari, naye hawezi kuifanya vizuri kama amefichwa. Wagonjwa wengi huficha kwa kuogopa kufokewa, na ukweli ni kwamba wapo wanaofokewa. Hata hivyo asitoke chumbani bila kusema jina la mmea, kiasi anachotumia na tangu lini.

Wapo ambao hata kujaribu kusiwepo bila ruhusa ya kliniki. Mjamzito, maana karela na uwatu kwa wingi vinaweza kuchokoza mji wa mimba. Mwenye figo au ini lililoathirika. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo nyingi zaidi katika maeneo ya malaria, kwa sababu mbegu za karela zina visini, kemikali inayoweza kupasua chembe zake nyekundu za damu.

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza yuko mbali zaidi ya hao wote. Kongosho lake halitengenezi insulini, na hakuna jani lililowahi kuirudisha. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson alipodungwa insulini Toronto akiwa na miaka 14, watoto kama yeye walikufa. Kwake dozi hairukwi hata mara moja kwa ajili ya kujaribu dawa ya jirani: siku moja au mbili bila insulini zinatosha damu yake kujaa asidi. Akianza kutapika, kupumua kwa haraka na kwa kina, na mdomo ukatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.